Mikono Yote Ilikuwa Juu

Ujiji, Jumatatu 4 Novemba 2024

Mvua ya kwanza ya maana imenyesha leo asubuhi. Ninaandika katika daftari la maandalio ya masomo lililobaki tangu nilipostaafu, miaka ishirini iliyopita. Kila ukurasa una safu zake: Lengo, Hatua, Zana, na mwisho kabisa Maoni. Katika safu ya Maoni niliandika maneno yaleyale kila siku kwa miaka thelathini na sita: "Somo limeeleweka." Niliyaandika hata siku ambazo nusu ya darasa ilikuwa imelala.

Daktari amesema moyo umetanuka. Nilimwuliza kama nitaona mahindi mapya yakiliwa. Akaangalia karatasi zake. Binti yangu Honorata, ambaye ni muuguzi, naye akaangalia karatasi zilezile. Nimefundisha watoto wengi, ninamjua mtu anayetafuta jibu ambalo hataki kulitoa.

Kuna jambo moja nataka kulinyoosha kabla sijaondoka. Padri nimemwungamia mengi. Hili sikuwahi kumwambia kwa sababu sikulihesabu kuwa dhambi. Nililihesabu kuwa kazi.

Jumatano 6 Novemba

Miguu imevimba. Mvua.

Jumamosi 9 Novemba

Siwema amekuja na dagaa. Humletea mwalimu wake dagaa kila Jumamosi, na hakuna mtu mtaani anayehitaji kuambiwa kwamba amefika. Sauti yake inatangulia kona mbili mbele yake. "Dagaa hao! Waamke waliolala, wafufuke waliokufa!" Alipofika mlangoni akanichungulia. "Mwalimu, shikamoo. Bado upo? Nilisikia umekwisha."

"Marahaba. Nani kakwambia?"

"Sokoni. Wameshaanza kugombania viatu vyako."

Nilimfundisha tangu darasa la kwanza hadi la saba. Hajui kusoma jina lake.

Alipoondoka nikaendelea kupanga karatasi zangu, nisije nikamwachia Honorata kazi hiyo. Ndani ya bahasha ya picha nikakuta kadi ndogo nyeupe ya Mbunge wa Uingereza, Bwana Geoffrey Aldersley, aliyetembelea shule yetu ya ufukweni mwaka 1997 na ujumbe wa watu wanne. Nikamwuliza Honorata kama simu yake inaweza kujua iwapo mtu yule yungali hai.

Simu ilijua kuliko nilivyotaka. Aldersley yungali hai. Sasa ni Lodi, yuko katika bunge lao la juu. Na kila neno alilowahi kusema bungeni limehifadhiwa katika Hansadi, ile kumbukumbu rasmi ya majadiliano, siku kwa siku.

"Baba, mtu wako huyu amechangia hoja za elimu mara mia mbili na kitu," alisema Honorata. "Niandike Tanganyika tuone?"

Akaandika. Zikatokea mara saba. Nikachukua miwani na lenzi yangu ya kukuzia maandishi, nikasoma mchango wa mwaka 1998. Ninautafsiri hapa:

"Mwaka jana nilisimama katika darasa moja kando ya Ziwa Tanganyika. Watoto tisini, mwalimu mmoja, ubao mmoja. Mwalimu alipouliza swali, mikono yote ilikuwa juu. Yote. Watoto wale hawana walimu wasaidizi wa kusoma, na hawawahitaji. Wanaye mwalimu."

Nilisoma mara tatu. Nakiri kwamba nilifurahi. Mimi, Gervasi Ntiruka, mtoto wa mkulima wa muhogo wa Kidahwe, nilikuwa nimesemwa katika Bunge la Waingereza miaka ishirini na sita bila kujua.

Chini yake palikuwa na sentensi nyingine. Sikuisoma kwa sauti.

Jumapili 10 Novemba

Baada ya misa Honorata amenifungulia michango mingine. Mwaka 1998 watoto walikuwa tisini. Mwaka 2003 wakawa mia na kumi. Mwaka 2011 ni mia na ishirini, na paa letu limekuwa la nyasi. Paa la shule ile ni la bati tangu mwaka 1974, niliyapandisha mabati mwenyewe. Nilicheka hadi pumzi ikanikatika, Honorata akaja mbio na mito ya kuniegemeza.

Kisha nikaacha kucheka, kwa sababu niliona darasa langu lilikuwa likifanya kazi gani kule. Kila mara hoja ilikuwa ileile. Serikali yao ilitaka kuajiri walimu wasaidizi wa kukaa na watoto wanaochelewa kusoma, na kila mara Aldersley alisimama na ziwa letu mkononi kupinga. Mwaka 2011 mbunge mmoja mwanamke alimkatiza: "Je, Mheshimiwa alimwuliza mtoto mmoja mmoja?" Akajibu kwamba hakuhitaji, mikono ilikuwa imemjibu.

Mpango ule ulipigiwa kura ukaanguka. Sisemi ulianguka kwa sababu ya ziwa. Lakini ziwa lilikuwapo.

Alhamisi 14 Novemba

Leo nina pumzi ya kutosha, basi niandike jinsi ilivyokuwa.

Wakaguzi wa zamani walikuwa wakiketi nyuma ya darasa na kuhesabu mikono. Darasa lenye mikono mingi lilipata sifa, lenye mikono michache lilipata barua. Mwaka wangu wa nne kazini nilipata barua. Wiki iliyofuata niliwafundisha watoto kanuni yangu: likiulizwa swali, wote nyoosheni. Anayejua anyooshe mkono wa kulia. Asiyejua, wa kushoto. Mimi nitachagua wa kulia tu.

Waliipenda. Kwao ulikuwa mchezo, siri yetu dhidi ya watu wenye viatu vinavyong'aa. Barua hazikuja tena. Walimu wengine wakaja kujifunza, nikawafundisha.

Ila mchezo haukubaki siku za wakaguzi. Mkono wa kushoto ulinipumzisha. Nilikuwa na watoto tisini. Kila siku nilikuwa najua bila kuuliza ni nani wa kumwacha, nikawaacha. Wale wa kushoto waliketi wakanyoosha mikono yao kwa adabu miaka saba, na mimi nikaandika: Somo limeeleweka.

Jumamosi 16 Novemba

Siwema amekuja. Nilikusudia kumwambia. Akanieleza habari ya jirani yake aliyeoa mke wa pili akamsahau jina wa kwanza. Tulicheka. Akaondoka.

Jumanne 19 Novemba

Ziwa limepanda tena. Wanasema chumba cha mwisho cha shule ya zamani, kile cha darasa la tano, kimeingia majini hadi madirishani. Ndimo alimosimama Aldersley.

Jumamosi 23 Novemba

Honorata alikuwa na mgeni, muuguzi mwenzake. Siwema akamkuta, akamsimulia kisa cha kalamu. Nimekisikia mara nyingi, na kila mara nimetazama pembeni.

"Mimi unaniona hivi nanuka dagaa," alimwambia, "lakini niliwahi kuchaguliwa na Mzungu. Darasa zima, watoto tele, akanyoosha kidole, wewe! Nikasimama. Akanitazama, akanishika kichwa, akatoa kalamu mfukoni mwake akanipa. Mwulize Mwalimu kama naongopa."

Mgeni akanigeukia. "Ni kweli, Mwalimu?"

"Ni kweli," nilisema.

Jumamosi 30 Novemba

Mvua kubwa. Siwema hakuja. Nilishukuru, kisha nikaona aibu kwa kushukuru.

Jumapili 1 Desemba

Nimemaliza kuandika barua kwa Aldersley, kurasa mbili za Kiingereza. Nimeeleza mkono wa kulia na wa kushoto. Honorata ameona katika simu kwamba mwezi wa pili bunge lao litajadili tena walimu wasaidizi, na yeye bila shaka atasimama. Nataka barua ifike kabla.

Nilimpa Honorata aipige chapa aitume. Akasoma hadi mwisho, kisha akafungua ile Hansadi ya mwaka 1998 akaisoma yote, hata sentensi niliyoiruka.

"Baba, hii ni nini?"

Sentensi yenyewe ni hii: "Hata binti mmoja bubu, maskini, alikuwa amenyoosha mkono wake pamoja na wenzake."

Nikamwambia. Akawa anakunja na kukunjua karatasi.

"Unataka Uingereza nzima ijue kabla ya Siwema?"

"Barua inachukua dakika moja kufika."

"Na Siwema anafika Jumamosi. Sitaituma, Baba. Mpaka umwambie."

Nimezaa mtoto mkaidi. Namshukuru Mungu.

Jumatano 4 Desemba

Nimefanya mazoezi ya maneno mbele ya kioo cha kabati, kama mwalimu mwanafunzi wa Tabora. Sikuona sura ya kuaminika.

Jumamosi 7 Desemba

Nimemwambia.

Alikuja saa nne, jua limetoka baada ya siku tano za mawingu. "Siwema, kaa kidogo."

"Nikae nini, Mwalimu? Nimeacha dagaa kwenye kichanja na kunguru wananijua."

"Kaa."

Akaketi juu ya kigoda, beseni mapajani. Nikaanza na mikono. Aliitikia kwa kichwa, anaukumbuka mchezo. Kisha nikafika siku ya wageni.

"Siku ile mimi niliuliza swali la hesabu, mikono yote ikapanda. Wewe ulinyoosha wa kushoto. Nilipokuwa nataka kuchagua, mgeni akanitangulia. Akakunyooshea wewe kidole, akakuuliza swali lake mwenyewe kwa Kiingereza. Ukasimama. Ukanyamaza. Ilibidi mimi nikutafsirie. Sikutafsiri. Nilimwambia..."

"Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia wewe ni bubu."

Kwanza alicheka. Alicheka kwa sauti ile yote. "Bubu? Mimi? Honorata, toka huko jikoni uje umsikie baba yako! Eti mimi Siwema, bubu! Waulize soko zima, wangelipa sadaka niwe bubu siku moja!" Akajifuta macho kwa upindo wa khanga. Halafu, mkono ukiwa bado machoni, akatulia.

"Ndiyo maana alinishika kichwa."

"Ndiyo."

"Ndiyo maana alinipa kalamu."

"Ndiyo."

"Nilidhani amenipenda." Akalitazama beseni. "Mama yangu aliifunga kalamu ile kwenye pindo la khanga akaenda nayo kwenye harusi ya shangazi, Ilagala, awaonyeshe watu. Amekufa anajua mwanawe alichaguliwa."

Nikaivua miwani, nikaipangusa.

"Aliniuliza nini?"

"Nini?"

"Yule Mzungu. Swali lake. Lilikuwa nini?"

Miaka ishirini na saba, na hakuna aliyewahi kumwambia swali lenyewe. "Aliuliza mto mkubwa unaoingia ziwani kusini kwetu unaitwaje."

Alinitazama kama mtu anayetazama mgonjwa.

"Malagarasi," alisema polepole. "Mwalimu, mimi nimezaliwa Ilagala. Nimeoga mto huo kabla sijajua kutembea. Baba yangu alitega nyavu mdomoni pake. Malagarasi! Ungeniuliza tu!"

Alisimama, akajitwisha beseni. Mlangoni hakugeuka. "Dagaa wako nimeshawaweka jikoni. Kula tu."

Alipita mtaa wote bila kutangaza biashara. Nilisikiliza mpaka kona ya pili. Kimya.

Jumatatu 9 Desemba

Barua imekwenda, na sasa ina kurasa tatu. Ya tatu ni ya Siwema na mto wake.

Jumamosi 14 Desemba

Hakuja.

Ijumaa 20 Desemba

Jibu la London. Mistari mitatu kutoka kwa katibu wake. Lodi Aldersley anashukuru kwa barua ya kuvutia na anaikumbuka ziara yake kwa furaha. Ananitakia Noeli njema.

Nimewaona wakubwa wengi wakijibu barua kwa namna hiyo. Mimi mwenyewe nimeandika majibu ya namna hiyo kwa wazazi.

Jumamosi 21 Desemba

Hakuja.

Jumatano 25 Desemba

Sikuweza kwenda misa. Wanakwaya walikuja kuniimbia uani, mvua ikawafukuza katikati ya ubeti wa pili.

Jumamosi 4 Januari 2025

Hakuja. Honorata amemwona sokoni Ujiji. Anauza bila kupiga kelele, na wanunuzi wanamwuliza kama anaumwa koo.

Ijumaa 10 Januari

Siku mbaya. Nimeketi wima tangu alfajiri kwa sababu nikilala nazama. Honorata ameongeza dawa ya mkojo. Nilimwomba Mungu anipe mwezi mmoja tu, nikaona nimemwomba kama mtu anayeomba ruhusa kwa mkuu wa shule, na sababu nimeandaa. Sababu ninayo.

Jumamosi 18 Januari

Nilisikia hatua, si sauti. Siwema akasimama mlangoni bila beseni. Hakutoa shikamoo.

"Unamjua Shadia wangu?"

Shadia ni kitinda mimba wake, ana miaka minane. Shule zimefunguliwa Jumatatu, na ameingia darasa la tatu katika shule ileile, upande wa juu ambako maji hayajafika.

"Juzi namwuliza, vipi darasa jipya? Anasema zuri mama, wakaguzi wanakuja na sisi tunafanya mazoezi. Mazoezi ya nini? Ya mikono. Nikamwambia, nyoosha nione." Siwema akanyanyua mkono wake wa kushoto, juu kabisa, vidole vimekaza. "Hivi. Anacheka. Anasema, mama, mimi ni kushoto."

Nilishika ukingo wa kitanda.

"Huyo wa London ni wako," alisema. "Mwandikie mpaka wino ukauke, mimi simjui. Huyu ni wangu. Ijumaa kuna kikao cha wazazi. Utakuja useme. Kama huwezi kutembea nitakubeba mgongoni, nimebeba magunia mazito kuliko wewe."

"Nitakuja."

"Shikamoo," ndipo aliposema, akaondoka.

Jumanne 21 Januari

Mwalimu mkuu Alphonce amekuja. Habari zimemfikia. Yeye alikuwa mkono wangu wa kulia kwa maana zote. Alikuwa mwepesi kuliko wote, ndiye niliyekuwa nikimchagua kila wageni walipokuja. Nilijivunia alipokuwa mwalimu, na nilijivunia zaidi alipokikalia kiti changu.

"Mwalimu wangu, shikamoo. Nimekuja kukuomba. Usiende Ijumaa."

"Marahaba, Alphonce. Kwa nini?"

"Nina watoto mia moja arobaini katika darasa la tatu, nalifundisha mwenyewe. Maji yamechukua vyumba viwili. Mwalimu mmoja ana ujauzito, mwingine ana kisukari. Wakaguzi wakikuta mikono kumi wataandika mimi sifai. Wewe unajua."

"Ninajua."

"Mbinu yenyewe ni yako. Nikiwa darasa la nne ulinishika bega ukasema, Alphonce, wewe ni kulia yangu. Sijawahi kusahau. Leo unataka kunivua nguo mbele ya wazazi kwa kitu ulichonifundisha mwenyewe?"

Hajakosea popote. Nilimtazama nikaona mtu mwenye miaka arobaini, mvi zimeanza, koti limelowa mvua, na usoni mtoto yule anayengoja nimchague. Siku zote nilifikiri niliwakosea wa kushoto peke yao.

"Sitasema jina lako," nilimwambia. "Nitasema langu."

"Wote watajua."

"Ndiyo. Samahani, mwanangu. Nitakwenda."

Aliondoka bila kunywa chai yake.

Ijumaa 24 Januari

Honorata na Siwema walinipakia kwenye bajaji, mmoja kila upande. Mvua ilikuwa imekatika. Kutoka barabarani nililiona ziwa likiwa ndani ya darasa la tano, linapumua polepole kwenye fremu ya dirisha. Ubao uko chini ya maji.

Wazazi walikuwa wengi, wameketi kwenye madawati ya watoto, magoti juu. Nusu yao niliwafundisha. Alphonce aliniachia kiti chake, hakunitazama. Sikuweza kusimama, basi nilisema nikiwa nimekaa.

Nikauliza: "Mliosoma hapa kwangu, mnaukumbuka mchezo wa mikono?"

Kicheko kikubwa. Wanaukumbuka. Baba mmoja, Jean, fundi wa mitumbwi, akapaza sauti: "Kulia anajua, kushoto bwege!" Wakacheka tena.

"Sasa wa kulia, nyoosheni."

Mikono ikapanda upesi, na wenye mikono wakatazamana kwa furaha. Jean hakunyoosha. Alikuwa ameacha kucheka.

"Wa kushoto?"

Hakuna. Ningeweza kusikia maji. Niliwatazama mmoja mmoja nikiwakumbuka mahali walipokuwa wakiketi, na wao wakatazama meza. Kisha nyuma kabisa Siwema akanyoosha mkono wake wa kushoto, vilevile alivyonionyesha chumbani, juu kabisa. Halafu mama mmoja wa Kiha mwenye mtoto mgongoni. Halafu Jean. Halafu wakawa wanapanda kila upande, taratibu, wanaume kwa wanawake, hadi nikaacha kuhesabu. Walikuwa wengi kuliko wa kulia. Walikuwa wengi kila siku, na mimi nilijua.

"Hawa sikuwafundisha," nilisema. "Walikaa mbele yangu miaka saba wakaniambia kwa mkono kwamba hawajui, na mimi nikautumia mkono huo kuwapita. Serikali haikunituma. Mimi ndimi niliyetunga. Wageni wakadanganyika, wakaenda kusema kwao kwamba mtoto hahitaji kusaidiwa. Naomba mnisamehe wenye kuweza. Lakini zaidi naomba jambo moja. Watoto wenu wasinyooshe wa kushoto. Asiyejua aache mkono chini, ili aonekane."

Jean akasema bila kusimama, "Mwalimu, mimi nilidhani ni mimi peke yangu."

Mzee mmoja akauliza, wakaguzi je? Hapo ndipo Alphonce aliposimama. Nilidhani atanikana. Alisema: "Wakaguzi wakija watakuta mikono kumi. Nitawaambia nina watoto mia moja arobaini. Basi na ninyi, siku hiyo, mje msimame hapa nje muwaambie hivyohivyo."

"Tutakuja!" akapiga kelele Siwema, na ile ilikuwa sauti yake. Nilikuwa nimeikosa wiki saba.

Jumapili 26 Januari

Siwema amekuja kusema na London. Honorata akashika simu, ikarekodi. Nayaandika maneno yake kama alivyoyasema, tafsiri nitaiambatisha.

"Mheshimiwa, shikamoo. Mimi ndiye yule bubu wako. Jina langu Siwema binti Mwinshehe, siku ile hukuniuliza. Kalamu ninayo bado, wino uliisha zamani. Mto unaitwa Malagarasi. Nilikuwa najua. Nasikia umenisema bungeni. Sasa nisemee vizuri: sema hakuwa bubu, sema hakuulizwa. Kwenu huko kama kuna watoto wananyamaza, waulizwe kwa lugha wanayoielewa. Haya, wasalimie nyumbani."

Alipomaliza akauliza kama imeingia yote. Imeingia. Jirani wa pili alituambia naye ameisikia.

Jumamosi 1 Februari

Dagaa. Kelele mtaani.

Alhamisi 6 Februari

Mjadala wa London ulikuwa jana. Honorata ametoa Hansadi kwenye simu asubuhi, Siwema amekaa kwenye kigoda, hakutaka kungoja Jumamosi. Nikatafuta jina. Aldersley alisimama. Alichangia dakika nne. Alizungumzia takwimu, wazazi, gharama. Nilisoma mstari kwa mstari kwa lenzi yangu, mara mbili. Hakuna ziwa. Hakuna mikono. Kwa mara ya kwanza tangu 1998, Tanganyika haimo. Na hakusema kwa nini.

"Amesema nini juu yangu?" aliuliza Siwema.

"Hakusema kitu."

"Kitu kabisa?"

"Ameacha kuusema uwongo. Ukweli hakuusema."

Alifikiri kidogo. "Basi sasa bubu ni yeye," alisema, akacheka hadi kigoda kikagonga ukuta, na mimi nikacheka nikiwa nimeshika kifua, na Honorata akatugombeza sote wawili.

Nimeandika barua ya tatu mchana huohuo, nikiihesabu sauti ya Siwema kuwa ya pili. Ninaomba jambo moja tu, kwamba asimame arekebishe kumbukumbu. Nimemwachia Honorata anwani, na nakala sita zilizokwisha kutiwa sahihi. Atatuma moja kila mwezi, niwepo nisiwepo.

Jumanne 11 Februari

Niandike la leo tu.

Siwema alipita akitoka shuleni. Wakaguzi walikuja asubuhi, wazazi walikuwa nje wamejaa hadi barabarani. Darasa la tatu liliulizwa swali. Mikono ilikuwa michache. Shadia aliuacha wake chini.

"Nikamwuliza, kisha ikawaje?" alisema Siwema. "Anasema, mama, Mwalimu Alphonce akaacha ubao. Akaja kwenye dawati langu akachuchumaa."

"Na wakaguzi?"

"Waliandika. Sijui waliandika nini, mimi si ndiye uliyeninyima kusoma?" Akanipiga kofi dogo begani, akaondoka akitangaza dagaa.

Maoni: Somo halijaeleweka. Lirudiwe.